Kabla ya kuchagua jina, tutenge mifuko



Mwezi wa pili 2025 bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa pauni moja, na pauni ni gramu 454 tu. Rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1977 ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwishoni mwa 2024. Habari ya namna hiyo haikawii kufika kijijini. Tangu hapo, kila tukikutana kwa mambo ya mahindi na kalanga, kuna mtu atanyosha mkono: na sisi tupande kahawa? Kiisha swali la pili linafuata palepale: tukiipanda, tuiuze kwa jina letu, kahawa ya Kasomeno peke yake, ama tuiache ichanganywe na ya wengine?

Kwenye swali hilo la pili watu wamegawanyika. Wengine wanasema: "Jina njo mali. Ukikubali kuchanganywa, umeuza kijiji yako." Wengine wanasema: "Jina halijazi tumbo. Mnunuzi akija na pesa, pima kilo, pokea, rudi nyumbani." Pande zote mbili ziko na sababu. Lakini kwa maoni yetu, zote mbili zimeruka hatua moja, na hatua hiyo njo inaamua kama kooperative itakuwa na kitu cha kuchagua ama hapana.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Kahawa ya asili moja ni kahawa iliyotoka mahali pamoja panapojulikana. Mahali hapo panaweza kuwa nchi nzima, mkoa, kooperative moja, kituo kimoja cha kuoshea, hata shamba la mtu mmoja. Kadiri mahali panavyokuwa padogo, ndivyo mnunuzi anavyotaka ushahidi zaidi: nani alivuna, siku gani, ilikaushwa wapi.

Kahawa ya mchanganyiko ni kahawa ya mahali pawili, patatu au zaidi, iliyounganishwa na mtu anayejua anachotafuta. Mkaangaji wa Ulaya anachukua arabika ya huku kwa ajili ya harufu, ya kule kwa ajili ya utamu, na robusta kidogo kwa ajili ya nguvu na povu. Anataka kikombe cha mwezi wa kwanza kifanane na kikombe cha mwezi wa kumi na mbili. Mchanganyiko unaosemwa kuwa wa kwanza kujulikana duniani uliunganisha kahawa ya Yemen, iliyopitia bandari ya Mocha, na kahawa ya kisiwa cha Java. Kwa hiyo mchanganyiko si ujanja wa juzi. Ni kazi ya ufundi, na ni ya zamani.

Lakini kuna mchanganyiko mwingine, na huu tunaujua sana hapa kwetu. Ni ule wa depo: mtu analeta kilo 10 zilizokauka vizuri, mwingine analeta kilo 30 zilizonyeshewa, karani anamwaga zote katika mfuko mmoja kwa sababu saa imepita na kamyo inangoja. Huo hauna fundi. Hakuna aliyeonja wala aliyeandika. Mtu akisema "mchanganyiko", tumuulize kwanza: ni ule wa fundi, ama ni ule wa uvivu?

Kivu: kahawa iliyopotezewa jina

Ndugu zetu wa Kivu wanaweza kutufundisha, sababu wao waliyapitia haya yote. Arabika yao inakua kwenye milima inayozunguka Ziwa Kivu, na maji yenyewe ya ziwa yako kwenye mita 1,460. Ni nchi nzuri kwa kahawa. Lakini kwa miaka mingi ya vita na barabara mbovu, wakulima wa Kalehe, wa Minova, wa kisiwa cha Idjwi, walibeba kahawa yao usiku katika mitumbwi, wakavuka ziwa kwenda kuiuza Rwanda. Wengi walizama. Familia zao zilipoteza baba kwa ajili ya mifuko miwili mitatu ya kahawa.

Na ile iliyofika ng'ambo? Iliingia katika kahawa ya huko, ikatoka na jina la huko. Upande wa kaskazini, kutoka Beni na Butembo, nyingine ilivuka kwenda Uganda kwa namna hiyohiyo. Mnywaji wa mwisho hakujua kama amekunywa kahawa ya Congo. Mkulima naye hakujua ilifika wapi, wala kama ilikuwa nzuri ama mbaya, sababu hakuna aliyerudi kumwambia. Hasara hiyo ya kutokujua ilimuumiza kama hasara ya bei. Mtu asiyejua ubora wa kahawa yake hawezi kubishana na mnunuzi.

Mwaka 2003, upande wa Minova, Joachim Munganga na wakulima wenzake walianzisha kooperative SOPACDI. Mwaka 2011 ilipata cheti cha Fairtrade, ya kwanza kati ya kooperative za kahawa za Congo, na kahawa yake ikaanza kuuzwa Uingereza ikijulikana kuwa ni ya Congo. Mwaka 2009 wengine wa Kalehe walikuwa wameanzisha Muungano. Pale Idjwi, Marcelline Budza alijenga Rebuild Women's Hope pamoja na wakulima wanawake. Baadaye likaja shindano la Saveur du Kivu, ambapo waonjaji na wanunuzi walikaa meza moja na kupima vikombe vya kooperative mbalimbali.

Watu wakisikia hadithi hii wanasema: "Mnaona? Jina limewaokoa." Sisi tunaisoma kwa namna nyingine kidogo. Jina lilikuja mwishoni. Kabla yake walijenga vituo vya kuoshea, wakanunua matunda mekundu tu, wakakausha juu ya vitanda vya waya, wakaandika kila siku nani ameleta kilo ngapi, wakatenga mafungu. Mnunuzi alipofika na kuonja, aliweza kusema "nataka fungu hili", nao wakaweza kumwonyesha mifuko ya fungu lile. Kama wangekuwa wamemwaga zote pamoja, hata jina zuri namna gani lisingepata mahali pa kukaa.

Kuuza kwenye mchanganyiko si aibu

Sasa tuwajibu wale wanaosema kuchanganywa ni kuuza kijiji. Waangalie Uganda. Katika mwaka wa kahawa 2023/24 nchi hiyo iliuza nje zaidi ya mifuko milioni 6 ya kilo 60. Sehemu kubwa ilikuwa robusta, na Italia ni mnunuzi wao mkubwa. Robusta nyingi inayokwenda Italia inaingia katika mchanganyiko wa kahawa za Waitalia. Kwenye kopo hutaona jina la kijiji cha Masaka. Lakini mnunuzi anarudi mwaka baada ya mwaka, sababu bila robusta ile kikombe chake kinabadilika na wateja wake wanalalamika.

Anayenunua kwa ajili ya mchanganyiko ananunua kingi, na hachagui sana: anataka kahawa safi, kavu, isiyo na kasoro kubwa. Halazimishi kila mfuko uwe na hadithi. Kwa kooperative changa, huyo ni mteja mzuri. Analipa mapema, na mifuko haikai kwenye depo ikingoja kuonjwa na watu watano.

Ubaya wake tuuseme pia. Mkaangaji anayechanganya anaweza kukuacha kesho. Kahawa yako ikipanda bei, anatafuta nyingine inayofanana nayo, ya Honduras ama ya India, anaiweka mahali pako, na mnywaji hasikii tofauti. Mnunuzi wa asili moja hawezi kufanya hivyo: ameandika jina lako juu ya mfuko, lazima arudi kwako. Lakini yeye naye ana ubaya wake. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma, kiisha Bukavu, na benki za Goma zikafungwa. Mnunuzi anayetaka kahawa ya kilima fulani cha Kivu hana pengine pa kuipata, na kooperative inayomtegemea huyo mmoja haina pengine pa kuuza. Jina linamfunga mnunuzi na muuzaji pamoja, kwa mema na kwa mabaya.

Jina linagharimu

Wanunuzi wa kahawa ya jina wanapima kikombe kwa pointi 100. Kuanzia 80 kwenda juu, kahawa inahesabiwa kuwa ya ubora maalum. Chini ya hapo jina halisaidii kitu, hata liwe la mlima gani.

Na katika nchi zetu za Maziwa Makuu kuna ugonjwa mmoja wa kikombe unaoogopesha wanunuzi: ladha ya kiazi kibichi. Inahusishwa na kidudu kinachoitwa antestia, kinachotoboa tunda na kulifungulia njia vijidudu. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima, na punje hiyo ni vigumu kuiona kwa macho. Kivu, Rwanda na Burundi wanapambana nayo kila mwaka: kuchagua matunda yaliyotobolewa, kuyaelea kwenye maji, kuchagua tena kwa mkono juu ya vitanda. Kazi hiyo inafanywa zaidi na wamama, siku nzima, na lazima ilipwe.

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme kooperative iko na wanachama 100, kila mmoja na miti 200, na kila mti unatoa kilo 2 za matunda. Hiyo ni kilo 40,000 za matunda. Ili kupata kilo 1 ya kahawa iliyo tayari kuuzwa nje unahitaji karibu kilo 6 za matunda. Kwa hiyo tunabaki na kama kilo 6,660, yaani mifuko 111 ya kilo 60.

Kontena moja dogo linabeba mifuko 320. Kumbe kooperative nzima, na wanachama wake 100, imejaza theluthi moja ya kontena. Peke yetu hatuwezi hata kufunga mlango wa kontena.

Tuendelee. Tuseme mnunuzi wa kawaida analipa dola 4 kwa kilo, na mnunuzi wa jina dola 6. Kati ya mifuko yetu 111, tuseme fungu bora ni mifuko 11, kilo 660. Tukiliuza kwa jina tunapata dola 1,320 zaidi. Ni pesa ya kweli. Lakini tuseme mkutano umeamua kwamba mifuko yote 111 ingoje mnunuzi wa jina, sababu kila mtu anataka bei ya 6. Tunangoja miezi mitatu. Bei inashuka nusu dola, tunachoka, tunauza yote kwa mnunuzi wa kawaida. Tumepoteza dola 3,330. Na miezi hiyo mitatu kuna mwanachama aliyekopa kwa ajili ya karo ya mtoto, na mkopo una riba.

Njo maana tunapinga wazo la kupiga kura, mara moja na kwa wote, "sisi ni kooperative ya jina" ama "sisi ni kooperative ya mchanganyiko". Kura haionji kahawa. Katika mavuno yaleyale, kooperative moja inaweza kuwa na mifuko 11 ya jina, mifuko 80 mizuri ya mchanganyiko, na mifuko 20 ya soko la hapahapa. Hata kahawa ya Kivu inauzwa kwa madaraja: Kivu 2, Kivu 3, Kivu 4. Kila daraja na mnunuzi wake.

Nani ananufaika na jina likichanganywa?

Kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalifikirii. Jina lenyewe linaweza kuchanganywa. Japani, kanuni za wauzaji wa kahawa zinasema mchanganyiko unaweza kuitwa kwa jina la mahali kama angalau asilimia 30 imetoka mahali hapo. Kwa hiyo mfuko unaoitwa mchanganyiko wa Kilimanjaro unaweza kuwa na asilimia 70 ya kahawa nyingine. Na jina hilo la Kilimanjaro linabeba arabika ya Tanzania kutoka mbali na mlima wenyewe. Pale Hawaii, kwa miaka mingi sheria iliruhusu kuandika jina la Kona juu ya mchanganyiko wenye asilimia 10 tu ya kahawa ya Kona, na wakulima wa huko wamepigana sana juu ya hilo.

Waethiopia waliliona hilo mapema. Kuanzia 2005 serikali yao iliomba kusajili majina Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama mali ya nchi, hata huko Marekani. Kampuni kubwa ya Starbucks haikukubali mara moja, na maelewano yalifikiwa mwaka 2007. Waliweza kupigania majina yale sababu yalikuwa na kahawa nyuma yake, kahawa ambayo wanunuzi waliijua kwa ladha kwa muda mrefu.

Kwetu somo ni hili: jina ni mali, na mali isiyolindwa inachukuliwa. Mtu akifika na mkataba wa kutumia jina la kijiji chetu kwenye pakiti, tumuulize asilimia ngapi ya kahawa ndani itakuwa ya kwetu, na tuandike jibu lake kwenye karatasi. Kama hataki kuandika, tumejua.

Na sisi wa Kasomeno?

Tuseme ukweli wote. Nchi yetu si Kivu. Hapa kwetu barabara ya Lubumbashi inagawanyika, moja inashuka Kasenga, nyingine inapanda kuelekea Kilwa na Pweto. Kinachopita ni samaki ya Luapula na ya Mweru, makala, mihogo, mahindi, kalanga. Ziwa Mweru liko kwenye mita kama 920 tu, na arabika haipendi joto la bonde. Halafu tuko na kiangazi kirefu, tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Kivu hawana kiangazi cha namna hiyo.

Majirani zetu wa Zambia, upande wa Kasama, wanalima arabika nzuri, lakini wako kwenye nyanda za juu kuliko bonde letu, na mashamba yao makubwa yananyweshewa maji wakati wa kiangazi. Mtu wa hapa akipanda miche 500 bila maji ya kiangazi, anapanda kuni.

Robusta inavumilia nchi za chini. Na robusta ni mtoto wa Congo: mwishoni mwa karne ya 19 ilikusanywa huku Congo, na ilikuwa nyumba ya biashara ya Linden kule Bruxelles iliyoisambaza duniani kwa jina hilo. Lakini robusta pia inataka mvua iliyogawanyika vizuri. Tena imeonja shida yake: ugonjwa wa kukauka uliua mashamba mengi ya kaskazini na mashariki ya nchi tangu miaka ya 1970 na 1980. Miche inayotoka mahali pasipojulikana inaweza kuja na ugonjwa huo.

Kahawa inachukua miaka mitatu mpaka minne kabla ya mavuno ya maana. Miaka hiyo, kipande kile cha shamba hakitoi bukari. Kwa hiyo tunawaomba wanachama wasing'oe mahindi kwa ajili ya bei waliyosikia kwenye redio. Bei ya New York ya leo haitakuwa bei ya siku mti wako utakapozaa. Hata bei ya chini ya Fairtrade, iliyowekwa mwezi wa nane 2023 kuwa dola 1.80 kwa pauni ya arabika iliyooshwa, karibu dola 4 kwa kilo, ni bei ya kahawa iliyofika bandarini. Toa usafiri, toa kukoboa, toa karatasi za ONAPAC, toa mishahara ya kooperative. Kinachobaki njo cha mkulima.

Anayetaka kujaribu, ajaribu kidogo: miti 30 ama 50, karibu na maji, chini ya kivuli, miche ya mahali panapoaminika. Na ajue tangu mwanzo kwamba kahawa kidogo ya namna hiyo, kwa miaka ya kwanza, njia yake ni mchanganyiko. Mifuko mitatu haiwezi kumleta mnunuzi kutoka ng'ambo. Inaweza kuunganishwa na ya kooperative nyingine, ama kukaangwa na kuuzwa Lubumbashi pamoja na arabika ya Kivu, mradi tuandike wazi kwenye pakiti kilichomo. Kuanza hivyo hakuondoi heshima ya mtu.

Tunachopendekeza

Hatua ambayo pande zote mbili zimeiruka ni kutenga. Mifuko iliyotengwa unaweza kuichanganya wakati wowote unaotaka. Mifuko iliyochanganywa huwezi kuitenga tena, hata ukileta fundi kutoka Ulaya. Kooperative iliyotenga inaweza kuuza kwa jina na inaweza kuuza kwa mchanganyiko. Iliyomwaga zote pamoja imekwisha kuchagua bila kujua, na imechagua bei ya chini.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano mwingine wa kubishana juu ya jina, tunaomba kila kooperative ikubaliane juu ya mambo manne.

La kwanza, daftari. Kila kilo inayoingia depo iandikwe: jina la mwanachama, kijiji, tarehe, unyevu kama kipimo kipo. Kahawa inayokwenda depo iwe na unyevu wa asilimia 10 mpaka 12. Ikizidi, irudi kwenye kitanda, hata kama mwenyewe ni mwenyekiti.

La pili, mafungu. Mifuko ya wiki moja isikae na ya wiki nyingine. Mfuko uwe na karatasi ndani na alama nje. Depo ndogo inaweza kugawanywa kwa mbao tu.

La tatu, kuonja. Wachaguliwe watu wawili ama watatu, mwanamke mmoja angalau, wajifunze kuonja. Mkulima asiyewahi kuonja kahawa yake anaamini kila anachoambiwa na mnunuzi. Na matokeo yarudi kwa mwanachama, mazuri na mabaya, ili aliyeleta matunda mabichi ajue gharama aliyowatwika wenzake.

La nne, pesa ya fungu bora. Hapa ndipo kooperative nyingi zinagombana. Mifuko 11 ikiuzwa kwa bei ya juu, nani apate nyongeza? Wale walioileta peke yao, ama wote? Sisi tunaona sehemu kubwa iende kwa walioileta, sababu wamefanya kazi zaidi, na sehemu iingie kwenye kasha la wote, sababu depo, mizani na karani ni vya wote. Lakini asilimia zenyewe ziamuliwe kabla ya mavuno, na ziandikwe. Zikiamuliwa baada ya pesa kufika, kooperative itapasuka.

Mambo haya manne hayahusu kahawa peke yake. Mnunuzi wa kalanga anaposhusha bei ya mfuko mzima kwa sababu ya kalanga mbovu za chini, ni hadithi ileile. Mama aliyekausha zake vizuri analipwa sawa na aliyeziacha zikaota ukungu, na mwaka ujao naye ataacha kujisumbua. Asali nayo ni vilevile, ile ya msitu safi ikimwagwa pamoja na ile iliyoungua moshi. Kwa hiyo hatuna haja ya kungoja miti ya kahawa ikue. Tuanze kutenga na kalanga za msimu huu. Kooperative itakayoweza kutenga mifuko 50 ya kalanga bila ugomvi, siku kahawa ikija itakuwa tayari kumjibu mnunuzi wa jina na mnunuzi wa mchanganyiko, kila mmoja kwa mfuko wake na kwa bei yake.

Wanachama walio na maoni mengine juu ya mgawo wa nyongeza, watupatie kupitia makarani wa depo zao. Tutayachapa katika toleo linalofuata, pamoja na yale yasiyokubaliana na sisi.